Na mimi nimepima

Jamani, leo naandika jambo ambalo wanaume hatulisemi hata kijiweni.

Nina miaka mitatu kwenye ndoa, mtoto bado. Kila sikukuu shangazi anamvuta mke wangu pembeni: "Vipi mwanangu, bado tu?" Mimi haniulizi. Mwezi uliopita daktari ndiye aliyenigeukia: "Na wewe umepima?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza natumia dawa gani. Nikamwambia ibuprofeni, karibu kila siku, mgongo unaniuma kwa kukaa kwenye kompyuta.

Mwandishi ukimpa swali halali. Nikasoma.

Kumbe mwilini kuna kemikali zinazoitwa prostaglandini. Zinafanana na homoni, ila hazisafiri mbali. Zinapeleka ujumbe hapo hapo zinapotengenezwa. Maumivu, homa na uvimbe ni kazi yao. Kwenye shahawa zimejaa tele. Mwaka 1935 Ulf von Euler wa Sweden alizipa jina hilo akidhani zinatoka kwenye tezi dume. Baadaye ikajulikana nyingi zinatoka kwenye vifuko vya shahawa, lakini jina likabaki. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane akaonyesha kwamba aspirini inazuia zisitengenezwe. Ibuprofeni nayo inapita njia hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa vijana 31 wenye afya. Baadhi walimeza ibuprofeni miligramu 1,200 kwa siku kwa wiki 6, wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa waliomeza dawa, ubongo ulianza kutoa zaidi homoni inayoziamrisha korodani, ili testosteroni ibaki pale pale. Ni kama injini inayokanyagwa mafuta zaidi kwa mwendo ule ule. Utafiti haukusema wamekuwa tasa, na watu 31 ni wachache. Kidonge kimoja cha jino si kesi. Kula kila siku kama karanga, bila kuandikiwa, ndiyo kesi.

Nimepima. Mbegu ni chache. Daktari amesema hawezi kulaumu vidonge kwa kipimo kimoja. Niviache, nitibu mgongo, nirudie baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.

Jana shangazi alipiga simu. Nikamwambia, "Shangazi, safari hii niulize mimi." Akanyamaza. Mke wangu, aliyekuwa jikoni, naye akanyamaza. Halafu nikamsikia analia.

Wewe uliyeoa, umepima?