Sikustahili Shahidi Yule

Niliishi miaka mingi Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, huku Kongo, nikiamini kwamba udongo alioniachia baba hauhitaji karatasi. Wazee walimpa, akajenga, akapanda michikichi. Majirani walijua, na hilo lilinitosha.

Siku mpango wa barabara mpya ulipofika mtaani na rangi nyekundu ikapigwa ukutani kwangu, nilipandwa na hasira. Niling'oa vigingi vya wapimaji, nikawatukana. Barua ilipoletwa nilikataa kuitia sahihi. Nilidhani natetea haki, kumbe nilikuwa gizani.

Aliyenitoa humo ni jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana naye kwa ajili ya mpaka wa viwanja vyetu. Nilikuwa nimemshitaki mara nyingi kwa sefu wa mtaa. Jioni moja alibisha hodi. "Yaya, hasira hasara. Pokea barua, twende kwa avoka."

Avoka alitueleza polepole. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na setifika ya usajili. Sikuwa nayo, nilikata tamaa. Lakini kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinataka fidia ya haki itangulie kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa manufaa ya wote. Na sheria ya 22 Februari 1977 inazitaja hata haki za wenyeji wanaotumia udongo wa Serikali. Aliyearifiwa ana mwezi mmoja wa kupeleka madai. Wasipopatana, tribinali hukadiria malipo.

Siku nyingi za mwezi huo zilikuwa zimeshakwenda. Jirani yule alizunguka nami tukihesabu michikichi, akiandika kwenye daftari la mwanawe ni ipi aliyoipanda pamoja na baba. Kisha akatia sahihi kuwa shahidi wangu. Sikustahili.

Hatukupatana, na kesi tribinalini iliahirishwa mara kwa mara. Nauli ya kuvuka mto ilinishinda, na mara nyingine nilitamani kurudia matusi. Mwishowe malipo yalitoka, pungufu ya niliyodai, ila yalitosha kupata kiwanja kingine. Safari hii nilianzia kadasta, kabla ya tofali la kwanza.

Kama rangi iko ukutani kwako leo, ndugu yangu, usiikimbie barua: ipokee, andika tarehe, tafuta avoka mapema. Na kama kuna jirani mliyekosana naye, mwendee wewe kwanza. Mimi nilifuatwa bila kustahili.