Swichi Niliyoiondoa

Mama wa kijana niliyekuwa namfundisha kazi aliponiuliza pale hospitalini kimetokea nini, nilimjibu, "Ni umeme, mama. Umerudi ghafla." Ni kweli umeme ulirudi ghafla, kama unavyorudi kila mara majumbani mwetu. Lakini mashine iliyomkata mwanawe haikupaswa kuwaka uliporudi, na mimi ndiye niliyeifanya iwake. Jibu lile nimeliacha lisimame kwa miezi mingi. Leo nalifuta mbele ya wote.

Nimefundisha fizikia sekondari mpaka kustaafu, hapahapa Morogoro. Kiinua mgongo kilipotoka nilijenga banda uani na kununua mashine ya randa iliyokwisha kutumika, mota ya faza moja, hospawa 2. Tulitengeneza vitanda, meza na fremu za milango, mninga ikipatikana, na isipopatikana mtiki wa Kilombero. Kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne akaja kujifunza kazi. Aliniita mwalimu, kama mtaa mzima unavyoniita.

Kisha mashine ikaanza kusumbua. Unabonyeza kitufe cha kijani, mota inaanza kuzunguka, ukiachia tu inazima. Ukikishikilia kidogo inaendelea, halafu mbao nene ikiingia inazima tena. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, mbona asubuhi haifanyi hivi?" Lilikuwa swali la fundi wa kweli. Sikulijali. Nilikuwa na kitanda cha kukabidhi, mwenyewe ananipigia simu kila siku, nami nilishaamua moyoni kwamba swichi imekufa.

Nikaifungua. Ndani yake kulikuwa na koili ndogo, na niliitambua mara moja. Hapo ndipo siwezi kujitetea kwa kutojua. Umeme ukiwepo, koili ile inakuwa sumaku na kuvishikilia vyuma vya swichi vigusane. Umeme ukikatika, sumaku inakufa, springi inavirudisha vyuma nyuma, na mashine inazima. Umeme ukirudi, mashine inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze tena kitufe cha kijani kwa hiari yake. Koili imewekwa kwa ajili hiyo, kuilinda mikono ya mtu wakati wa kukatika na kurudi kwa umeme. Sumaku ya umeme nimeichora ubaoni mwaka baada ya mwaka, nikawatungia wanafunzi maswali ya mtihani juu yake.

Niliijua, na bado nikaiondoa. Nikaunga dairekti, nikafunga swichi ya ukutani ya ampea 20, ile ambayo ukiiwasha inabaki imewashwa hata umeme usipokuwepo. Mashine ikaunguruma vizuri, kijana akapiga makofi, tukamaliza kitanda. Nikajiambia nitanunua swichi ya koili mwisho wa mwezi. Bei yake haikuzidi ya mbao mbili za mninga. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, na mwingine pia, kwa sababu mashine ilikuwa inafanya kazi.

Siku ile umeme ulikatika ubao ukiwa katikati ya mashine. Tukauchomoa. Maranda yalikuwa yamejaa kwenye visu, nami nikamwambia kijana ayatoe wakati tunasubiri. Nasisitiza kwamba nilimwambia mimi. Nikaingia ndani kunywa chai. Swichi ya ukutani ilikuwa imewashwa vilevile, na plagi ilikuwa ukutani. Umeme ukarudi mkono wake ukiwa kwenye visu. Mota kama ile, kwenye umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na puli huliongezea mwendo rola la visu mpaka mara 5,000 na zaidi. Mtu hawezi kuuwahi mwendo huo kwa kuvuta mkono. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Randa haiachi kipande ambacho daktari anaweza kukirudisha na kukishona. Inasaga.

Nimesema nilimdanganya mama yake. Kuna lililo baya zaidi. Mtaani watu walisema kijana hakuwa makini, kwamba vijana wa siku hizi kichwa kiko kwenye simu. Walisema nikiwepo, na mimi nikanyamaza. Hata yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba kosa lilikuwa lake, akaniomba radhi. Akaniomba radhi mimi, na nikaipokea.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, na mfuko wake upo. Lakini sikuwa nimejisajili popote kama mwajiri, wala kumwandikisha yeye. Nilimchukulia kama mtoto wa nyumbani anayejifunza, huku kazi ya mikono yake naiuza. Kwa hiyo hakuna fidia iliyodaiwa.

Baadaye sana nilichukua mita nikapima, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kushika bisibisi. Swichi ya zamani ilikuwa nzima. Waya niliouvuta mwenyewe kutoka nyumbani hadi bandani ulikuwa mwembamba, milimita za mraba 1.5, na mrefu. Jioni mtaa mzima unapopika na kuwasha taa, umeme unakuwa mdogo. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na waya ule unapoteza sehemu kubwa njiani, hivyo kinachofika kwenye koili hakitoshi kuishikilia. Ndiyo maana asubuhi ilishika. Kijana alikuwa ameuona ugonjwa wenyewe. Dawa ilikuwa waya mnene, na swichi ingebaki mahali pake.

Nilikwenda kwao nikawaeleza yote, yeye na mama yake, na kipimo cha mita nikawaonyesha. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini hukusema siku ile?" Nilimwambia niliogopa. Hakunisamehe siku hiyo, na sikumwomba aharakishe. Mashine nimemkabidhi kijana iwe mali yake, ikiwa na waya mpya na swichi ya koili, na ninamlipia mafunzo ya umeme aliyoyachagua mwenyewe. Majirani niliowasikia wakimlaumu nimewafuata mmoja mmoja nikawaambia kosa ni la nani.

Kwako wewe mwenye mashine uani, iwe ya randa au msumeno wa meza, naomba uijaribu leo. Ondoa mbao, na hakikisha hakuna mkono wala nguo karibu na visu. Iwashe. Zima umeme kwenye meni swichi, subiri isimame kabisa, kisha urudishe umeme bila kugusa chochote kwenye mashine. Ikiwaka yenyewe, chomoa plagi, na asiitumie mtu yeyote mpaka swichi ya koili ifungwe.