Doa Lina Chanzo Chake

Tanga

Mwanangu mpenzi,



Umeniuliza uchukue kipi: vitamini C, niasinamaidi, au ile krimu inayosifiwa kung'arisha kwa wiki moja. Tuanze na chanzo cha doa. Nimezitazama picha zako. Hayo ni madoa meusi ya chunusi, yamekaa palepale kipele kilipotumbuka, shavuni na kidevuni. Melasma, aina nyingine ya madoa ya uso, haiji hivyo. Hutanda kama bakabaka pande zote mbili za uso, aghalabu kwa wajawazito.

Kwa madoa yako, anza na niasinamaidi ya asilimia 4 au 5. Huzuia rangi isipande kwa wingi kwenye seli za juu za ngozi, na ni pole. Vitamini C nayo inafaa, ila huharibika upesi kwa hewa na joto letu la pwani. Seramu ikigeuka rangi ya chai, pesa imekwenda. Kama vipele bado vinatoka, muulize mfamasia kuhusu asidi azelaiki, maana hutibu chunusi na doa kwa pamoja.

Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, mwachie daktari wa ngozi, akupe kwa muda maalumu. Wanaojipaka wenyewe kwa miaka huweza kuishia na weusi wa kijivu usiotoka. Hiyo krimu ya wiki moja, soma boksi lake. Ukikuta "mercury" au "calomel", hiyo ni zebaki, nayo huumiza figo. Ukikuta "clobetasol", hiyo ni steroidi kali: ngozi hukonda, na siku ukiiacha uso huripuka vipele. Isiyoandikwa viambato, usiinunue kabisa. Rangi uliyozaliwa nayo haina ugonjwa. Tunachotibu ni doa.

Yote hayo ni bure bila losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi hata kukiwa na mawingu. Na vidole viache vipele. Kila unachokiminya kinakuongezea doa.

Tumia kitu kimoja kwanza, wiki 8 hadi 12, ukijipiga picha dirishani mara moja kwa mwezi. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, nenda kliniki ya ngozi, na ubebe kila chupa unayotumia, hata ile unayoona aibu kuionyesha.

Shangazi yako