Asilimia na Miaka

Maabara tunahesabu asilimia. Ilagala wanahesabu miaka.

Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na ninachosomea ni perovskaiti, kundi la fuwele zinazoweza kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walitangaza seli za kwanza za aina hii. Zilifikia ufanisi wa asilimia 3.8 tu. Leo seli bora za maabara zimevuka 26, na zikilazwa juu ya silikoni zinavuka 33. Silikoni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Perovskaiti unaichanganya kama wino, unaipaka juu ya kioo, unaikausha kwa nyuzi kama 100. Kwa nchi isiyo na viwanda vya silikoni, hilo si jambo dogo. Nimewahi kukosa usingizi kwa kuliwaza.

Likizo iliyopita nilimweleza hayo mjomba wangu, mvuvi wa dagaa pale Ilagala, jirani na Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Alianza uvuvi na karabai. Sasa taa zake zinatumia betri anazochaji mchana kwa sola. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mjomba, hiyo itakaa miaka mingapi?"

Paneli nzuri ya silikoni huja na dhamana ya miaka 25 hivi. Perovskaiti huharibiwa na unyevu, joto, na hata mwanga ule ule inaoutegemea. Ilagala ina vyote vitatu. Watengenezaji wanaifunika kwa kioo na gundi, na uhai wake unaongezeka, lakini hakuna iliyowahi kukaa juani miaka 25. Teknolojia yenyewe haijafikisha umri huo.

Halafu kuna risasi. Seli bora zina madini hayo, kama gramu moja au chini kwa mita ya mraba. Mjomba alicheka: betri yake ya asidi ina kilo kadhaa. Kweli kabisa. Ila betri ikifa, mnunuzi wa vyuma chakavu huifuata hadi mlangoni, kwa sababu ina bei. Paneli nyembamba iliyopasuka nani ataifuata? Mvua ikiipata, risasi yake huyeyuka na kusafiri. Na maji ya ziwa letu hukaa humo mamia ya miaka. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka.

Kwa hiyo pendekezo langu la utafiti halitafuti rekodi ya asilimia. Nitafunika seli ndogo kwa njia mbalimbali, nizifungie kwenye kabati lenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, kwa saa 1,000 kama kipimo cha kimataifa kinavyotaka, kisha nihesabu zilizobaki hai.

Mjomba amenunua paneli nyingine ya silikoni. Mimi ndiye niliyepanda juu ya bati kuifunga.