Mungu Aonaye

Ukiulizwa Mungu ni nani, pengine utajibu kama nilivyofundishwa mimi: ajua yote, aweza yote, yuko kila mahali. Jibu hilo ni kweli kwa aaminiye, lakini kwa mwenye kiu ni kama kiriba kitupu. Umbo lipo, maji hayamo.

Jambo hili nililitambua Isiolo mwaka 2022, mvua ilipokuwa imekosekana msimu baada ya msimu, na mizoga ya mifugo imetapakaa malishoni. Nilikuwa darasani nikieleza sifa za Mungu. Msichana mmoja, binti wa wafugaji, akauliza: "Mwalimu, kama Mungu ajua yote, je, amwona mama yangu aamkaye usiku kufuata maji?" Elimu yangu ilinikauka kinywani.

Niliacha maelezo nikasimulia habari za Hajiri katika kitabu cha Mwanzo. Mjakazi huyu alifukuzwa pamoja na mwanawe; maji ya kiriba yakawaishia nyikani; akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya mtoto, akamfumbua mama macho, naye akaona kisima. Darasa lilinyamaza. Mborana, Mturkana, Msamburu na Msomali, wote walijua thamani ya kisima. Wanafunzi Waislamu walimjua mama huyo pia, kwa maana mahujaji humkumbuka Makka, penye kisima cha Zamzam.

Hadithi haikutuambia kuwa Mungu ana huruma, ilituonyesha akihurumia. Wala hakumtazama Ibrahimu mwenye mifugo peke yake. Alimtazama na mjakazi asiye na mtetezi. Hajiri huyo ndiye aliyekuwa amemwita Mungu kwa jina la aonaye, alipotoroka jangwani mara ya kwanza. Jina hilo halikutungwa na mwanachuoni. Lilitoka katika kinywa cha mwenye dhiki.

"Lakini kisima chetu kimekauka," alisema msichana.

Sikuthubutu kumwahidi mvua. Nilimjibu kuwa hadithi ile yatufundisha jicho la Mungu huelekea wapi, na amwaminiye Mungu aonaye hana ruhusa ya kufumba macho yake. Juma lililofuata wanafunzi wawili wa mjini walikuja na madumu ya maji, wakayaweka karibu na dawati lake bila kusema neno. Nilifuta ubaoni sifa nilizokuwa nimeandika; somo lilikuwa limeeleweka.