Pole Si Fidia

Mimi ni wa Chunya. Hapa chuoni nikitaja kwetu, watu wanasikia dhahabu tu, na boom likichelewa wananiomba niwakopeshe hela. Hakuna aliyewahi kuniuliza anayeitoa hiyo dhahabu chini analipwaje. Leo nieleze, kwa sababu darasani kwetu ubishi kuhusu vyama vya wafanyakazi hauishi, na huu mfano wa kwetu haumo.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande. Leo wengi wanaoshuka mashimoni ni vijana wa rika letu. Wengi hawana mshahara, wanafanya kazi kwa mgawo. Mawe yakitoka, mwenye leseni anachukua fungu lake, mwenye duara anaondoa gharama za magogo, mafuta na chakula, kinachobaki ndo wanagawana walioshuka. Mawe yasipokuwa na kitu, mwezi mzima umeenda bure. Na hizo gharama zimeandikwa kwenye daftari la mwenye duara, anazijua yeye.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifanya kazi hiyo miaka minne. Mwaka juzi jiwe likamwangukia mguuni. Mwenye duara alifika hospitali, akaacha shilingi 50,000, akasema pole, akaondoka. Kaka alikaa miezi mitano bila kazi, na mama mkubwa akauza mahindi waliyotunza kwa chakula. Nilipomwuliza kama alidai chochote, alinijibu, "Mdogo wangu, nikadai kama nani?"

Swali lake ni zito. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na anayeuchangia ni mwajiri. Mfanyakazi aliyeumia kazini analipwa kwa hesabu inayojulikana, bosi awe na huruma au asiwe nayo. Lakini kaka hakuwa na mkataba, wala jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo alipata pole. Pole mtu anaitoa akijisikia. Fidia inadaiwa.

Mtu ataniambia, mbona wachimbaji wadogo wana vyama? Wanavyo, mpaka shirikisho la taifa, FEMATA. Na kusema kwa pamoja kumewasaidia. Januari 2019 walikutana na Rais Magufuli Dar es Salaam wakaeleza kero zao. Baada ya hapo mwaka huohuo wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakafunguliwa, la Chunya likiwemo. Hayo ni mafanikio kweli. Ila kwenye mikutano hiyo "mchimbaji" kwa kawaida ni mwenye leseni au mwenye duara. Aliyeshika nyundo kule chini hana kiti. Na mwenye duara hawezi kumsemea, maana kwenye daftari la gharama kila mmoja anavutia kwake.

Wengine wanasema kibarua hana nguvu ya kujadiliana, leo yupo, kesho wanamleta mwingine. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao walikuwa vibarua wa siku kwa siku. Septemba 1947 waligoma, mgomo ukafuata reli mpaka bara, na baraza la usuluhishi likawaongezea malipo. Chama chao kikaandikishwa mwaka huohuo. Kweli, kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioishia kwenye vurugu. Lakini wazo halikufa: mwaka 1955 vyama viliungana kuwa TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa.

Leo sheria zinatoa nafasi ambayo makuli wale hawakuwa nayo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano anapangiwa saa za kazi au anapewa vifaa na anayemfanyia kazi. Hiyo si ndo hali ya duara? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama. Kikipata wengi mahali pa kazi, mwajiri anapaswa kujadiliana nacho kwa nia njema, na makubaliano yakishasainiwa yanabana pande zote. TAMICO na NUMET tayari ni vyama vya wafanyakazi wa migodini. Kazi iliyobaki ni kuwafikia watu wa maduara.

Na madai ya kuanzia si makubwa. Mgawo uandikwe kabla watu hawajashuka. Daftari la gharama lionwe na wawakilishi wawili wa walioshuka. Magogo yakaguliwe. Majina yapelekwe kwenye Mfuko wa Fidia. Mtu mmoja akiyasema haya anaambiwa achukue nguo zake aende. Wakiyasema watu 30 siku moja, duara linasimama, na bosi lazima akae chini waongee.

Sasa turudi kwetu sisi wa ualimu. Hosteli nasikia kila siku kwamba CWT inawakata walimu asilimia 2 ya mshahara na haionekani inafanya nini. Ni haki kuuliza, hela ni ya walimu. Ila tukishaajiriwa, tukaulizie kwenye mkutano wa tawi, tusome hesabu, tugombee uongozi kama waliopo hawatufai. Tutakuwa na mkataba, chama na mahali pa kulalamika. Na atakayepangiwa shule za Makongolosi au Matundasi, atawafundisha watoto wa watu wa maduara. Awasomee wazazi wao kile kifungu cha 61, kwa Kiswahili cha kawaida, siku ya kikao cha wazazi.