Alia wa Jamaika na Mtindo wa Chura



Mhariri ameniomba niandike juu ya mwanamichezo mmoja anayestahili kujulikana na vijana wetu, na nadhani alitaraji nimletee mcheza mpira au mkimbiaji. Mimi nimemchagua mwogeleaji, tena wa mtindo wa kifua, ule ambao sisi watu wa pwani tumezoea kuuita wa chura. Anaitwa Alia Atkinson. Jina la kwanza halitakuwa geni katika nyumba zenu, maana akina Alia tunao wengi. Lakini huyu ni Mjamaika, aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1988 katika jimbo la Saint James, na ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa kuogelea.

Mtindo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Kati ya mitindo minne ya mashindano, huu ndio wa taratibu kupita yote, na kwa hivyo wasioujua huudharau. Mwogeleaji hulala kifudifudi, mikono yote miwili ikavuta maji kwa pamoja hadi chini ya kifua, kisha ikasukumwa mbele. Miguu nayo hukunjwa, nyayo zikageuzwa nje, ikapigwa kwa pamoja mfano wa chura. Ugumu ni kwamba kila anapokunja magoti, mapaja yake huyakinga maji na kumpunguzia mwendo, basi kila mpigo una kwenda na una kusita. Fundi ni yule anayejua kuunyoosha mwili, akateleza, akangoja kabla ya kuvuta tena. Anayepapatika huchoka kabla ya kufika. Tena kila anapofika ukutani, nao lazima uguswe kwa mikono miwili wakati mmoja, huruhusiwa kujisukuma na kusafiri chini ya maji kwa mvuto mmoja mrefu wa mikono hadi mapajani, pigo moja la miguu kama mkia wa pomboo, na teke moja la chura, ndipo aibuke. Hapo chini ya maji ndipo Alia alipokuwa hatari, na naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza mahali aliposhinda na mahali alipokosa.

Jamaika tunaijua kwa wakimbiaji. Ni kisiwa, bahari imekizunguka pande zote, lakini kabla ya Alia hakikuwa kimetoa bingwa wa dunia wa kuogelea. Kwa mgeni hili ni ajabu. Kwangu mimi si ajabu hata kidogo. Nimezaliwa kusini mashariki mwa Unguja, katika kijiji ambacho maji yakijaa huja karibu na ukuta wa nyumba. Wavulana walikuwa wakijitupa majini tangu hawajaota meno ya pili, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe. Sisi wasichana hakuna aliyetufundisha. Mama zetu, tangu kilimo cha mwani kilipoanza upande wetu mwaka 1989, walishinda baharini maji yakiwafika kiunoni, wakifunga mbegu katika kamba, kanga zimelowa chapachapa. Na aghalabu yao, lau mguu ungeteleza wakaangukia penye kina, wasingeweza kuogelea hata pima mbili. Mama yangu ni mmoja wao. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wakafariki mamia ya watu. Na tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote, kwani mkondo wa Nungwi usiku hauchagui fundi. Ila tangu siku zile sijaweza tena kumsikia mtu akisema kwamba sisi, kwa kuwa ni watu wa bahari, tunayajua maji.

Alia alifundishwa. Angali kijana mdogo alihamia Florida, Marekani, akawa chini ya mkufunzi Chris Anderson katika mji wa Pembroke Pines, na huko huko ugenini akaendelea kubeba bendera ya kwao, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufafanuliwa. Alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 15, akarudi bila ya kufika hata nusu fainali. Beijing mwaka 2008, vivyo hivyo. Baina ya hapo alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, na mwaka 2010 akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika yadi 200 za mtindo wa kifua.

London mwaka 2012 ndipo dunia ilipoanza kumtazama. Katika nusu fainali ya mita 100 alifungana na Mkanada Tera van Beilen katika nafasi ya nane, ilhali fainali ina nafasi nane tu. Ikabidi wawili wale warudi majini peke yao, bwawa zima likiwa lao, waogelee tena mita 100 ili ijulikane nani abaki. Fikirini: mtu ameshatoa nguvu zake zote, anaambiwa azitoe tena. Alia aliogelea kwa kasi kupita ile ya nusu fainali, akaingia, na katika fainali akashika nafasi ya nne, akiikosa medali ya shaba kwa takriban nusu sekunde. Aliyechukua dhahabu siku ile alikuwa msichana wa miaka 15 kutoka Lithuania, Rūta Meilutytė, ambaye naye alikuwa mtoto wa uhamiaji: alikuja na baba yake kuishi Plymouth, hapa Uingereza, akasoma na kufunzwa hapo.

Wawili hao walikutana tena Doha, tarehe 6 Desemba 2014, katika mashindano ya dunia ya bwawa fupi. Rūta wakati huo ndiye aliyekuwa mwenye rekodi ya dunia ya mita 100, dakika 1 na sekunde 2.36, wala hapakuwa na wengi waliodhani angeshindwa. Lakini bwawa fupi lina urefu wa mita 25, na kwa hiyo mita 100 zina mageuko matatu, na kila geuko ni safari moja chini ya maji. Huko ndiko Alia alikoipata tofauti. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 2.36, sawasawa na rekodi yenyewe, na Rūta akamfuata kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika picha za televisheni anaonekana akiutazama ubao wa matokeo kama mtu anayeikagua hesabu ambayo haijamwingia akilini, kisha uso wake wote unafunguka kwa furaha. Zilikuwa zimebaki siku tano atimize miaka 26.

Ndugu yangu mmoja alikuwa akifanya kazi Doha mwaka ule. Nilipomuuliza aliniambia hakusikia lolote. Qatar ilikuwa imetoka tu kutwaa Kombe la Ghuba mjini Riyadh tarehe 26 Novemba, na mji mzima ulikuwa ukizungumza mpira. Ndivyo ilivyo. Mambo makubwa mengine hupita mtaa wa pili.

Na jambo lile lilikuwa kubwa. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mifupa ya mtu Mweusi ni mizito, kwamba yeye huzama. Maneno haya yalisemwa katika nchi ambazo mabwawa ya umma yalifungwa kwa makusudi yasiingiwe na Weusi, kisha wakacheka kwamba Weusi hawajui kuogelea. Enith Brigitha, mzaliwa wa Curaçao aliyeogelea kwa ajili ya Uholanzi, alipata medali za shaba katika Olimpiki ya mwaka 1976. Anthony Nesty wa Suriname alichukua dhahabu mwaka 1988 kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Baada ya Alia, mwaka 2016, Mmarekani Simone Manuel akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mtu mmoja mmoja majini. Mifupa yao haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba walipata pa kujifunzia.

Yaliyobaki ya maisha yake ya mashindano nitayapitia upesi. Mwaka 2015 mjini Kazan, Urusi, alipata fedha katika mita 50 na shaba katika mita 100, safari hii katika bwawa refu. Mwaka 2018 alivunja rekodi ya dunia ya mita 50 za bwawa fupi mjini Budapest, sekunde 28.56, na Desemba ya mwaka huo huo akatwaa dhahabu mbili za dunia mjini Hangzhou, China. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe. Bwawa la Olimpiki lina mita 50, na katika mita 100 kuna geuko moja tu. Ile silaha yake ya chini ya maji haikupata nafasi ya kutosha. Rio mwaka 2016 alikuwa wa nane katika fainali. Tokyo mwaka 2021, Olimpiki yake ya tano, aliishia katika mchujo. Desemba 2021 aliaga mashindano mjini Abu Dhabi, akiwa na umri wa miaka 33. Wasomaji wetu wa Ghuba wajue basi kwamba taji lake la kwanza la dunia na kuaga kwake vyote vilikuwa katika ujirani wao.

Kwa nini nimemshughulikia kiasi hiki? Kwa sababu ya mjadala ulio nyumbani kwangu, na najua nyumba nyingine zina mjadala kama huo.

Mtaala wa shule hapa Uingereza unataka kila mtoto aweze kuogelea walau mita 25 kabla ya kumaliza shule ya msingi. Binti yangu alijifunza akiwa amevaa lile vazi refu la kujisitiri, na mwalimu wake akagundua kwamba nyayo zake hugeuka nje kwa wepesi, kipawa ambacho mtindo wa chura hukitaka na ambacho si kila mtu anacho. Sasa ana miaka 12. Nami nilimfuata majini nikiwa na miaka 41, katika saa za wanawake watupu za Jumapili jioni, mapazia yameshushwa na mlinzi wa bwawa ni mwanamke. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tunayavalia nguo, na tunayaoga vile vile.

Kuhusu kujifunza, nyumba nzima tumeafikiana. Hata Unguja kwenyewe mambo yamesogea: huko Nungwi mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, pale pale ambapo zamani tungeambiwa haiwezekani. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mfundisheni mjukuu wangu. Mimi nimeshinda baharini miaka yote ile nikimwomba Mungu nisiteleze."

Mjadala umekuja pale klabu ilipomtaka binti ashindane. Baba yake si mtu wa kukataa ovyo. Hoja zake ni za mtu aliyefikiri. Jukwaa la watazamaji ni la wanawake na wanaume. Mkufunzi wa kundi la wakubwa ni mwanamume. Na kuna suala la vazi. Nilikwenda kuulizia, nikafahamu kwamba chama cha kuogelea cha Uingereza kiliruhusu mwaka 2017, kwa ombi la taasisi ya michezo ya wanawake wa Kiislamu, mavazi ya mwili mzima katika mashindano yake ya ndani, mradi yawe ya kitambaa cha kawaida na yasimwongezee mwogeleaji kasi. Nilirudi nyumbani nikidhani nimemaliza kesi. Baba yake akanijibu kwa swali: je, huko juu? Kanuni za mashindano ya dunia zilizoanza mwaka 2010 ziliweka kwamba vazi la mwanamke katika bwawa lisipite bega wala goti. "Tukimwachia aanze," akasema, "akawa hodari, akalipenda jambo lenyewe kwa moyo wake wote, tutamwambia nini siku atakapofika kwenye mlango uliofungwa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sina jibu kamili. Nilichomwambia ni kwamba Alia alikwenda Olimpiki mara tano, akarudi mara tano bila ya medali, na kwamba mtoto wetu yuko umbali mkubwa sana na mlango huo anaouhofia. Yeye akasema huo ndio wakati wa kuutafakari, kabla mtu hajafika. Binti, aliyekuwa akisikiliza kutoka ngazini, akasema, "Baba, mimi nataka mita 50 tu za Jumamosi." Tukacheka sote, lakini hapana aliyeibadili hoja yake.

Ninapoandika haya fomu ya klabu iko juu ya jokofu, imejazwa kila mahali isipokuwa penye saini ya mzazi. Baba yake amesema Jumamosi hii atakwenda kwanza kuketi jukwaani, atazame watoto wa watu wengine wakishindana, ajionee mwenyewe mavazi na makalio ya mahali. Binti ameshamwandikia namba ya basi katika kikaratasi, na chini yake saa ambayo mbio za mtindo wa chura zitaanza.